Unaenda taipu retingi ya kwanza (kozi ya kuruhusiwa kurusha aina fulani ya ndege) na hujawahi kufanya kazi shirika la ndege? Anza kujiandaa leo

Wadogo zangu mliomaliza CPL (leseni ya rubani wa biashara) na IR (ruhusa ya kuruka kwa kutegemea vipimo) yenu ya injini mbili mkapata na barua ya kuitwa kwenye kozi ya ndege kubwa, hongereni sana, najua kuna familia zimeuza kiwanja ili mfike hapo. Haya naandikia nyie mnaotoka shule ya urubani moja kwa moja, au mnaotoka kwenye Caravan, zile ndege ndogo za injini moja, za Wilson na Arusha, hamjawahi kukaa kokpiti ya watu wawili hata siku moja, na sasa mnaenda kufundishwa ATR, Dash 8, 737 au A320.

Tangu nianze kukaa kiti cha nyuma cha simuleta (mashine ya kuigiza kuruka) kufundisha, wanafunzi wanaokwama karibu wote wanakwama sehemu moja. Kurusha ndege wanajua, mikono wanayo, ila kozi inawakimbia. Darasani ni wiki chache tu, mifumo yote ya ndege unasomea kwenye kompyuta, umeme, haidroliki, hewa, mafuta, alafu unaingizwa simuleta na siku ya kwanza mwalimu anategemea flo, yaani mpangilio wa kupitia swichi kwa kukariri, ziko kichwani tayari, hana muda wa kukuonyesha kifungo kiko wapi. Sasa ukiwa bado unakitafuta kifungo kwa macho, hujasikia kapteni kasema nini, hujasikia waongozaji wamekupa kimo gani, na ndege haikusubiri, ishapita hicho kimo. Kwa hiyo maandalizi yote kabla ya kozi yana lengo moja, vitu vya kukariri viwe vimeshakaa, ili kichwa kibaki na nafasi ya kufikiri.

Anza na picha ya kokpiti. Nenda kwa hawa jamaa wanaochapisha mabango, mwambie akutolee picha ya kokpiti ya ndege yako kwa ukubwa wake halisi, ibandike ukutani, paneli ya juu ibandike juu kabisa mahali mkono unapofika ukinyoosha, weka kiti mbele yake. Kaa. Fanya flo kwa kugusa kila swichi na kuitaja kwa sauti. Mfano A320 baada ya kuwasha injini, ukiwa wewe ndo rubani msaidizi unayesimamia na sio unayeendesha: unaziweka spoila za ardhini tayari, trimu ya radda unairudisha sifuri, flapi unaziweka za kurukia, trimu ya pichi unaiseti, mkono unapita mstari mmoja haurukiruki, ndo chekilisti inafuata. Chekilisti kwenye ndege hizi ni ya kuhakiki kilichokwisha kufanyika, na hapo wengi waliotoka ndege ndogo wanachanganyikiwa maana walizoea kusoma mstari, kufanya, kusoma mstari unaofuata. Rudia asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala mpaka mkono uende wenyewe huku unaongea na mtu kitu kingine. Ukiweza kufanya flo huku mdogo wako anakuuliza maswali, hiyo imekaa.

Usifanye peke yako muda wote. Tafuta mwenzio mtakayepangwa naye simuleta, hata kama yuko Mwanza na wewe uko Mombasa pigianeni simu ya video, mmoja awe anayeendesha mwingine msimamizi, mtaje kila kitu kama mko angani kweli. Maneno ya kuitana yanapatikana kwenye SOP (kitabu cha taratibu za kazi) ya shirika lako, na nasisitiza la shirika LAKO, sababu video za mtandaoni ni za mashirika mengine na wanaita tofauti, ukizikariri hizo utatumia wiki nzima kuzifuta.

Alafu kuna zile hatua za dharura ambazo hutakiwi kufungua kitabu, lazima ziwe moyoni neno kwa neno, kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi. Spidi zisizoaminika, yaani vipimo vya spidi vikianza kudanganya, ni moja wapo. Kwa A320 ukiwa bado chini, kabla ya kimo cha kupunguza nguvu, ni pua juu nyuzi 15 na nguvu yote, ukipita hapo mpaka futi 10,000 ni nyuzi 10 na nguvu ya kupandia, juu ya hapo nyuzi 5. 737-800 flapi zikiwa zimefungwa ni nyuzi 4 na N1 (kasi ya mzunguko wa feni ya injini) asilimia 75, flapi zikiwa nje nyuzi 10 na asilimia 80. Hizi namba unazihitaji pale ambapo skrini zinapingana na kengele zinalia, hakuna anayezikumbuka pale kwa kufikiri, unazikumbuka kwa sababu ulishazisema mara nyingi kuliko jina lako.

Na jifunze kutokuwa na haraka. Injini ikifa baada ya V1, ile spidi ambayo ukishaipita huwezi tena kusitisha kuruka, mwanafunzi mgeni mkono wake unataka kukimbilia kufanya kitu. Taratibu za A320 zinasema mpaka futi 400 humo ndani unakunja magurudumu na kuzima kelele za onyo, basi, kazi yako ni kushika njia na spidi. TransAsia tarehe 4 Februari 2015 kule Taipei, ATR 72 injini moja ilipungua nguvu yenyewe muda mfupi baada ya kuruka, kapteni akavuta lever ya injini nyingine iliyokuwa nzima, watu 43 wakafariki kati ya 58. Ndo maana hakuna anayezima injini bila mwenzake kuthibitisha. Unashika, unataja ni ipi, unasubiri asikie na aangalie na ajibu, ndipo unavuta. Wewe uliyetoka Caravan, umezoea kuamua na kutenda mwenyewe ndani ya sekunde mbili na hilo lilikuweka hai kule porini, lakini huku inabidi ulifundishe hilo koo kuongea kabla mkono haujaenda.

Hesabu za kichwani nazo wengi hawazipi uzito mpaka wanajikuta juu sana karibu na uwanja. Jeti haishuki tu kirahisi. Caravan ulikuwa unakuja kutua na spidi ya noti 80 hivi (noti ni maili za baharini kwa saa), leo ni 130 au 140, na ukipunguza nguvu haisimami. Kila futi 1,000 za kushuka zinahitaji takriban maili 3. Uko futi 36,000 unaenda Dar, 36 mara 3 ni maili 108, ongeza kama 10 za kupunguzia spidi, basi unaanza kufikiria kushuka kwenye 120. Ukienda Nairobi usisahau JKIA iko kwenye futi 5,330, una kama 31,000 tu za kupoteza, maili 93 na zile 10. Kwenye mteremko wa mwisho wa nyuzi 3, zidisha spidi ya ardhini mara 5 upate futi za kushuka kwa dakika, noti 140 ni futi 700. Na palepale Nairobi hewa ni nyepesi, unasoma 140 kwenye kipimo lakini ardhini unakimbia zaidi ya 150, kwahiyo 700 haikutoshi, utabaki juu ya mstari. Zifanyie mazoezi hata ukiwa kwenye basi.

Simuleta zenyewe zinauzwa kwa saa na zinafanya kazi mchana na usiku, iwe Addis Ababa, Johannesburg au Dubai, unaweza kupangiwa saa nane usiku. Somo ni kama masaa manne, mnabadilishana na mwenzio katikati, kabla yake kuna kikao na baada yake kuna kikao. Hamisha usingizi wako siku kadhaa kabla, na usile kizito. Mkataba wa bondi nao msome wote kabla ya kusaini, miaka mingapi na ukiondoka mapema unalipa nini, mpe na mtu anayejua sheria auangalie.

Kitu kigumu kuliko vyote kwetu huku kwa maoni yangu ni kumwambia mkubwa kwamba anakosea. Tumelelewa mzee anaongea kijana ananyamaza. Tarehe 5 Mei 2007 Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Douala kuja Nairobi, kapteni akaita otopailoti (mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe), haikuwa imewaka, na hakuna aliyethibitisha kama imewaka. Ndege ikaanza kulala upande wa kulia polepole gizani, hakuna aliyekuwa anasoma vipimo, walipokuja kushtuka imeshachelewa. Ikaanguka, watu 114 wakafariki, wote. Ripoti ya uchunguzi ilitaja wazi ukosefu wa ushirikiano ndani ya kokpiti. Hao walikuwa ndugu zetu, na wewe unaenda kukaa kwenye kiti kilekile.

Kwahiyo lifanyie mazoezi hilo pia, palepale mbele ya picha ukutani. Mwambie mwenzio ajifanye kapteni mkali, apitilize kimo makusudi, na wewe useme. Heshima inabaki, sauti inabaki ya kawaida, ila unataja unachokiona: Kapteni, kimo. Kapteni, spidi inashuka. Asipojibu unarudia kwa nguvu zaidi. Asipojibu tena, SOP inakupa haki ya kuchukua ndege, na unatakiwa kujua maneno ya kuichukulia kabla ya siku hiyo. Pia kila otopailoti ikiitwa, macho yako yaende kwenye mstari wa juu wa skrini ukasome kilichowaka, usisome kifungo ulichobonyeza.

Ukishafaulu mtihani wa simuleta, kwa masaa yako machache kawaida utapelekwa kwenye ndege yenyewe ikiwa tupu ukapige mizunguko ya kuruka na kutua, ndipo unaanza kubeba abiria na kapteni mkufunzi pembeni. Kati ya hapo kunaweza kuwa na wiki kadhaa za kusubiri vibali na ratiba, na flo zinapotea haraka mno kipindi hicho. Picha ya kokpiti isitoke ukutani mpaka umalize mafunzo ya njiani.