Chupa za kutoka safarini: duane ya Luano na Kasumbalesa inahesabu nini

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wasomaji wanaorudi Lubumbashi kupitia uwanja wa ndege wa Luano na chupa kwenye valizi, au wanaotaka kuvusha vinywaji vya harusi Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tumechagua zile zinazogusa wengi.

Ninarudi kutoka Brussels kupitia Addis Ababa. Nimenunua wiski tatu za lita moja moja katika duka lisilotoza ushuru pale uwanja wa ndege. Muuzaji ameniambia kodi imekwisha kuondolewa, lakini mdogo wangu anasema Luano watanilipisha. Nani anasema kweli, na nitalipa kiasi gani? — Papa K., Katuba

Mdogo wako anasema kweli, Papa. Duka lile linakusamehe kodi ya nchi unayoiacha, kwa sababu chupa haitanywewa kule. Msamaha huo hauvuki nawe. Ukishuka Luano, wiski yako ni bidhaa ya kigeni inayoingia Kongo, na DGDA, idara ya duane au forodha ya Kongo (wazee bado wanaiita OFIDA, jina lililoachwa mwaka 2009) ina haki ya kuikadiria.

Ushauri wetu kwa msafiri yeyote aliye mtu mzima: tegemea chupa moja tu ya matumizi yako kupita bila maneno. Zinazobaki, zitaje mwenyewe kwenye meza ya duane kabla hujaulizwa. Chupa iliyotajwa hukadiriwa na kulipiwa. Iliyofichwa chini ya nguo ikigunduliwa inaitwa magendo, na hapo unaweza kulipa faini na bado ukanyang'anywa chupa.

Sasa hesabu. Watu wengi hukosea hapa kwa sababu wanajumlisha asilimia kama vitu vilivyo kando kando, kumbe kila kodi inakaa juu ya ile iliyotangulia. Kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni ushuru wa kuingiza. Kwa vinywaji vyenye pombe, tarifa ya Kongo ni 20%, na inahesabiwa kwenye thamani ya CIF, yaani bei uliyonunulia pamoja na bima na gharama ya kusafirisha. Ya pili ni ushuru wa bidhaa, ule unaoandikwa kwenye karatasi droits d'accises. Huu unahesabiwa kwenye CIF ambayo tayari imeongezwa ule wa kwanza, na kiwango chake kinategemea aina ya kinywaji. Bia haikadiriwi sawa na pombe kali. Ya tatu ni TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya 16%, na yenyewe inakaa juu ya vyote viwili.

Chukua chupa moja ya dola 40. Ushuru wa kuingiza ni dola 8, tumefika 48. Kwa ajili ya mfano peke yake, tuseme ushuru wa bidhaa ni 50%: nusu ya 48 ni 24, tumefika 72. TVA ya 16% juu ya 72 ni dola 11 na senti 52. Jumla ya kodi ni dola 43 na senti 52, yaani zaidi ya bei ya chupa yenyewe. Aliyejumlisha 20, 50 na 16 akapata 86% alikuwa ameandaa dola 34 na senti 40, naye atasimama pale mezani akidhani anaibiwa. Haibiwi, ndivyo ngazi zinavyopanda. Kiwango halisi cha ushuru wa bidhaa muombe afisa akuonyeshe kwenye tarifa, mstari wa bidhaa yako.

Mstari huo una namba, na inafaa uijue. Bia ni 22.03, divai ya zabibu ni 22.04, vermouth ni 22.05, na pombe kali pamoja na likeri (pombe kali iliyotiwa sukari na ladha) ni 22.08. Kama umeleta divai na karatasi inasema 22.08, umewekwa kwenye kundi la wiski. Sema hapo hapo, kabla ya kulipa. Amarula huwachanganya wengi: ina kilevi cha 17% tu, lakini ni likeri, hivyo mahali pake ni 22.08.

Usitupe risiti ya duka. Bila risiti afisa hana bei ya kuanzia, atatumia makadirio yake, na mara nyingi yatazidi bei uliyolipa. Kusema "nimepewa zawadi" hakuifanyi thamani kuwa sifuri. Zawadi nayo ina bei.

Neno moja juu ya Addis. Chupa zako ziko katika mfuko wa plastiki uliofungwa dukani, risiti ikionekana ndani. Usiufungue hadi ufike nyumbani. Mfuko ukifunguliwa, kwenye ukaguzi wa uwanja wa kupitia chupa inakuwa kimiminika cha kawaida kilichozidi mililita 100, na inabaki pale. Ukiziweka kwenye valizi ya kupakiwa, sheria za usafiri wa anga zinaruhusu lita 5 kwa abiria kwa pombe ya kati ya 24% na 70%. Iliyozidi 70% haipandi ndege kabisa, si mkononi wala kwenye valizi.

Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Je, si sasa tunaruhusiwa lita moja ya pombe kali bila ushuru kama Wakenya? — Mwanafunzi, Kampemba

Hapana. Kongo iliingia EAC mwaka 2022, lakini duane yetu inaendelea kukadiria kwa tarifa yake yenyewe, iliyowekwa na sheria ya 2012. Kiwango unachokitaja, lita moja ya pombe kali au lita mbili za divai kwa mtu wa miaka 18 na zaidi, kimo katika sheria ya duane ya Jumuiya. Kitakusaidia ukiingia Nairobi, Kigali au Dar es Salaam. Ukirudi Luano usikitegemee.

Binti yangu anaolewa. Nataka kununua katoni 12 za divai huko Kitwe, Zambia. Tutakuwa watu saba kwenye basi dogo. Nimeambiwa kila mmoja akibeba kidogo hatutalipa kitu. Ni kweli? — Mama wa Ruashi

Hongera kwa harusi, Mama. Usifuate ushauri huo. Katoni 12 za chupa sita sita ni chupa 72, na kwa chupa ya sentilita 75 hizo ni lita 54. Hata zikigawanywa kwa watu saba, kila mmoja atakuwa na zaidi ya lita saba, na hakuna afisa atakayeziita kinywaji cha njiani. Zaidi ya hayo, ruhusa ya msafiri ni ya mtu binafsi. Afisa akiona katoni za chapa moja kwenye gari moja, zote kwenye risiti moja yenye jina lako, atazihesabu kama mzigo mmoja. Wale sita uliowaomba wasaidie watajikuta wametoa tamko la uongo.

Njia salama ni tamko moja kwa jina lako. Kitwe, dai risiti iliyochapwa yenye jina lako, tarehe, jina la divai, idadi ya chupa, ujazo wa chupa na bei kwa kwacha. Risiti inayosema "vinywaji" na jumla tu inakuletea makadirio ya afisa. Ukifika Kasumbalesa, mtafute wakala wa duane aliyesajiliwa, na mpatane ujira wake peke yake, mbali na kodi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea: wakala anataja jumla moja, nawe hujui ngapi ni za Serikali na ngapi ni zake. Mwambie aandike pembeni: ushuru wa kuingiza, ushuru wa bidhaa, TVA, ada ya OCC (ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa), kisha ujira.

Tamko linaingizwa kwenye kompyuta ya duane (mfumo wa Sydonia) na linatoa karatasi ya makadirio. Isome kabla ya kutoa fedha. Angalia jina lako, namba 22.04, idadi ya chupa, na thamani iliyoanziwa. Kosa la idadi ni la kawaida: katoni 12 zinaandikwa kana kwamba kila moja ina chupa 12, na unalipia chupa 144 badala ya 72. Ukiridhika, unalipa benki na kupewa quittance, yaani stakabadhi ya malipo, na mzigo unatolewa kwa karatasi hiyo. Chukua nakala, iweke ndani ya gari hadi Lubumbashi, maana unaweza kuulizwa barabarani.

Tunasema wazi: piga hesabu kabla ya kwenda. Chukua bei ya Kitwe, panda zile ngazi tatu, ongeza OCC, wakala, mafuta ya basi dogo na chupa mbili tatu zitakazovunjika. Linganisha na bei ya jumla kwa waagizaji wa hapa mjini, ambao chupa zao zimekwisha kulipiwa. Kwa katoni 12, tofauti mara nyingi haitoshi kulipa usumbufu. Na kama sehemu yake itauzwa baada ya harusi, hiyo ni biashara, nayo inataka leseni ya kuingiza bidhaa kupitia benki, namba ya mlipa kodi na ukaguzi wa OCC.

Na bia za Zambia? Katoni mbili tu za makopo. — Kijana wa Kamalondo

Kabla ya kuuliza kodi, uliza kama zinaruhusiwa kuingia. Mwaka 2024 Serikali ya Kongo ilizuia bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, na mvutano ulifika hadi Zambia ikafunga mpaka kwa siku chache mwezi Agosti. Makatazo ya namna hii hutolewa kwa muda, na muda huo unaweza kurefushwa. Ulizia ofisi ya DGDA ya hapa mjini wiki ile ile unayosafiri. Katazo likiwapo, hakuna kiasi cha kulipa kitakachoipitisha bia hiyo. Anayekuambia "toa kitu kidogo, zitapita" anakuuzia hatari yako mwenyewe.

Mtu mmoja pale mpakani aliniomba nilipe nusu ya kodi mkononi, bila karatasi. Nilikubali. Nimefanya vibaya? — S., mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Ndiyo, na umebaki bila kinga. Fedha hiyo haikuingia Serikalini, kwa hiyo chupa zako bado hazijalipiwa. Ukisimamishwa mbele, huna la kuonyesha, na utalipa mara ya pili pamoja na faini. Safari nyingine omba karatasi ya makadirio kwanza. Mtu asiyeweza kuitoa hana mamlaka ya kupokea. Kuna wasafiri wanaoona aibu kuomba karatasi mbele ya foleni. Usione aibu, ni haki yako.

Naenda kwa kaka yangu Liège, Ubelgiji. Ameomba lutuku (pombe kali ya kienyeji) ya nyumbani na bia za Simba. Nibebe kiasi gani? — Dada wa Kamalondo

Lutuku iache, dada. Sheria za anga zinataka pombe ya zaidi ya 24% iwe kwenye chupa yake ya dukani, imefungwa kiwandani. Lutuku kwenye chupa ya maji haina lebo, haina kipimo cha kilevi, na hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa haina methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Itachukuliwa Luano au Brussels.

Simba inawezekana. Kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, mtu wa miaka 17 na zaidi anaingiza bila ushuru lita 16 za bia, lita 4 za divai isiyo na povu, na juu yake lita 1 ya pombe inayozidi 22% au lita 2 za isiyozidi 22%. Kwa makopo ya sentilita 33, lita 16 ni makopo 48. Lakini pima valizi: makopo hayo yanapita kilo 16, na kama tiketi yako inaruhusu kilo 23, nguo zitakaa wapi?

Kwa wanaokwenda kwingine: Afrika Kusini ni lita 1 ya pombe kali na lita 2 za divai, kuanzia miaka 18. Uingereza ni lita 42 za bia, lita 18 za divai na lita 4 za pombe kali. Pale kuna mtego: ukizidisha kundi moja, unalipia kundi zima, si ile ziada tu.

Nikinunua divai Johannesburg, ni kweli wanarudisha kodi uwanja wa ndege? — Mfanyabiashara, Kampemba

Ni kweli kwa mgeni asiyeishi kule, kama jumla ya manunuzi inazidi randi 250 na una risiti ya kodi ya duka. Kodi yao ni 15%. Kosa la wengi ni kukabidhi valizi kwanza. Onyesha chupa na risiti kwa wakaguzi kabla ya kukabidhi mizigo, maana wanataka kuziona kwa macho, na chupa iliyofunguliwa kule hairudishiwi kitu. Piga picha ya risiti kabla ya kuwapa: hiyo hiyo ndiyo utakayohitaji Luano kuonyesha bei uliyonunulia.