Shona gauni pamoja na koti lake: kuvaa vizuri kwenye baridi ya Mbeya na Njombe

Sendofu yangu ilifanyika Njombe, wiki ya pili ya Julai. Gauni lilikuwa la leisi, rangi ya dhahabu, mikono mifupi, mgongo wazi kidogo. Ilipofika saa 1 jioni, kabla hata keki haijakatwa, meno yalianza kugongana. Kaka yangu mkubwa akavua jaketi lake la bluu, lile analoendeshea pikipiki, akanifunika. Sikulivua tena. Picha ya kulisha wazazi keki, picha ya kucheza na mashangazi, picha ya baba akinishika mkono kuniaga, zote nimevaa jaketi la kaka.

Jaketi lile liliniokoa na namshukuru mpaka leo. Lakini kila nikifungua albamu naumia, kwa sababu mama alikesha siku nyingi na lile gauni mapajani, akishona shanga moja moja kifuani, na hakuna picha hata moja inayozionyesha. Mama alifariki miaka minne baadaye.

Ndiyo maana dada zangu wa huku juu wakiniomba ushauri wa mshono, swali langu la kwanza halihusu rangi wala shingo ya gauni. Nauliza: juu yake utavaa nini jua likizama? Kwetu nguo ya shughuli haijaisha kushonwa mpaka kile kitakachozuia baridi kiwe kimepangwa pamoja nayo, kwa kitambaa chake, kwa vipimo vyake. Ukiliacha hilo mpaka siku yenyewe, utavaa chochote kitakachokuwa karibu, na hicho ndicho watu watakachokiona.

Mishono mingi tunayoipenda tunaiona kwa wenzetu wa Dar es Salaam, ambako kipupwe ni nafuu baada ya miezi ya joto. Huku mambo ni mengine. Mji wa Mbeya uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Msafiri wa basi kutoka Dar anajua: mkishaumaliza mlima Kitonga, madirisha yanaanza kufungwa moja baada ya jingine. Na mwezi Juni hadi Agosti anga huwa jeupe, hakuna mawingu ya kulizuia joto la ardhi lisipotee usiku. Mchana jua linawaka hadi unatafuta kivuli, alfajiri huko Makete unakuta umande umeganda juu ya majani. Kwa hiyo nguo nzito moja ya kushinda nayo haikusaidii. Unahitaji nguo zinazovulika na kuvalika, na kila unapovua moja, iliyobaki chini iwe bado inapendeza.

Nieleze koti langu, maana ndilo lililonifundisha mengi.

Mwaka mmoja baada ya msiba wa mama, binamu wa mume wangu alikuwa anafunga ndoa Tukuyu, mwezi Agosti. Nilikuwa na kitenge kipande kizima, yadi 6. Kwa mwili wa wastani, gauni lisilo na marinda mengi huchukua yadi 3 au kidogo zaidi, na kinachobaki watu wengi hukifanya kilemba na mkoba. Mimi nilimpelekea fundi wangu wa Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, kitenge chote pamoja na khanga moja ya mama, nikamwambia nataka gauni na koti la kufika magotini, na khanga iwe bitana.

Fundi akainyoosha ile khanga mezani, akasoma jina lake: NANI KAMA MAMA. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Dada, hii nikiikata hairudi." Nikamwambia naelewa, ndiyo maana nimemletea yeye.

Tuliyapanga haya wawili, na naandika kwa urefu kwa sababu ukikosea hapa unapoteza kitambaa usichoweza kununua tena. Khanga ni pamba, na pamba ambayo haijafuliwa sana husinyaa na kuchuja rangi. Hata khanga ya zamani ifue tena kabla ya kukatwa, uisuuze mpaka maji yatoke meupe, na kitenge nacho ukifue kivyake. La sivyo siku ya kwanza kufua koti, bitana itavuta upande mmoja na kitenge upande mwingine. Mikononi usiweke khanga. Pamba inang'ang'ania mkono wa nguo ya ndani, unavaa koti huku gauni likipanda hadi kwenye kiwiko. Weka satini au bitana ya kawaida inayoteleza, khanga ibaki kifuani na mgongoni.

Katikati, kati ya kitenge na khanga, tuliweka blanketi jepesi, yale laini wanayofunikwa watoto wachanga. Fundi alikuwa na wasiwasi kwamba nitaonekana nimevimba, na alikuwa na haki. Tukakubaliana liwekwe kifuani na mgongoni tu, lisishuke chini ya kiuno. Mwili wa kati ukipata joto, mikono na miguu nayo inapata nafuu. Na vipimo alinichukua nikiwa nimevaa gauni na sweta jembamba chini. Hili wengi wanalisahau: koti linapimwa juu ya nguo zitakazokuwa ndani yake, si juu ya fulana uliyoenda nayo kwa fundi mchana wa jua.

Jina la khanga tuliliweka mgongoni, juu, usawa wa mabega. Haliwezi kuonekana mpaka nivue koti na kulining'iniza. Pale Tukuyu mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza, mama mkwe akanipokea koti mlangoni, akalisoma. Hakusema neno la ziada. Alilitundika peke yake, mbali na makoti mengine yaliyolowa.

Kumbukumbu ya mtu unaweza kuivaa kwa namna nyingi zisizo na gharama. Rafiki yangu wa Iringa alikuta koti la sufu la marehemu baba yake, kubwa mno kwake. Fundi alipunguza mikono na kiuno, likamkaa. Ila tahadhari: mabega ndiyo hayarekebishiki kirahisi. Kama mshono wa bega unashuka hadi katikati ya mkono wako, gharama ya kulifumua na kulishona upya itakuwa kubwa, na bado laweza kuharibika. Hapo ni heri kuchukua kipande kikawa kizibao, au vifungo vyake tu ukavihamishia kwenye koti lako. Vifungo vya baba kwenye koti jipya vinatosha kabisa.

Leisi ina matundu, na upepo hauulizi bei ya kitambaa. Kama umeshaipenda, vaa ndani fulana ya mikono mirefu inayobana, yenye rangi ya bitana. Rangi ikilingana, mtu hatagundua. Taiti nene chini ya gauni refu nayo haionekani, na miguu ndiyo inayotangulia kulalamika mkikaa ukumbini kwa muda wa saa tano. Wanaume wana njia rahisi: kizibao ndani ya suti kinaongeza joto na heshima kwa wakati mmoja.

Kamati za sherehe nazo niziombe jambo. Tunakaa vikao vingi kuchagua kitenge cha sare, halafu siku ya shughuli saa 2 usiku kila mtu anatoa sweta lake, moja jekundu, jingine la kijani la shule la mtoto, na ile sare haionekani tena. Kwenye kikao hichohicho cha kuchagua kitenge, kubalianeni rangi ya sweta au mtandio. Nyeusi au kahawia karibu kila mtu anayo nyumbani, hakuna wa kununua. Kwenye harusi ya mdogo wangu tulifanya hivyo, mitandio myeusi kwa wanawake wote wa upande wetu, na ukumbi ulipopoa ndipo tulipopendeza zaidi.

Msibani ni tofauti, na nataka kuligusa kwa uangalifu. Huku kwetu mtu halali kitandani kwake kukiwa na msiba wa ndugu. Tunalala kwenye mikeka, wengine nje karibu na moto, siku kadhaa. Nimeona akina mama wazima wakirudi nyumbani na vifua vibaya kwa sababu waliona aibu kuvaa jaketi la rangi kali mbele ya wafiwa. Usichague kati ya heshima na afya yako. Joto liweke ndani: fulana, sweta, taiti, soksi za sufu. Juu jifunge khanga kiunoni na nyingine mabegani, kama mama zetu walivyofanya. Khanga mbili za kukunjwa vizuri hufunika chochote. Na ukienda, beba doti moja ya ziada, kuna mtu atakuwa ametoka kwake bila kitu.

Siku za kawaida hazihitaji mambo mengi, zinahitaji mpango. Mimi natoka nyumbani Uyole saa 12 na nusu asubuhi. Vesti ya pamba, blauzi, sweta jembamba, jaketi. Saa 4 jaketi linatoka, saa 6 sweta linafuata, saa 11 jioni vinarudi kwa mpangilio uleule. Sweta mbili nyembamba zinashinda moja nene, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo ndiyo inayotunza joto. Lakini sweta la kufuma halizuii upepo. Ukipanda bodaboda na sweta peke yake, ni kama hujavaa kitu; jaketi jepesi lisilopitisha upepo, hata liwe jembamba kama mwavuli, livae juu yake. Wa Makambako hawahitaji kuambiwa hili. Shingoni mtandio au kipande cha khanga, maana ndipo upepo unapoingilia.

Makoti mazuri ya sufu yapo mitumbani, na mengi yanashinda mapya ya dukani kwa ubora. Pale Mwanjelwa wahi belo linapofunguliwa, lakini usinunue kwa haraka ya kugombania. Ingiza mkono ndani, uangalie bitana kwenye kwapa, ndipo inapochanikia. Liinue dhidi ya mwanga uone matundu ya nondo. Panda na shuka na zipu mara tatu. Kama lebo imekatwa na hujui ni sufu au la, muombe muuzaji uchomoe uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalopukutika, poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Sufu inaendelea kutoa joto hata ikipata unyevu, na kwa mtu anayeishi na manyunyu ya Rungwe hilo si dogo. Pamba ikilowa ni baridi tupu, suruali nzito ya jinzi ikiwemo.

Ukishalipata, usilifue kwa maji ya moto, litasinyaa na kukakamaa lisivalike tena. Maji baridi, sabuni kidogo, usilikamue kwa kulisokota. Libonyeze ndani ya taulo, kisha lilaze juu ya mkeka kivulini. Ukilitundika likiwa limelowa, uzito wa maji utalivuta, mikono ifike magotini.

Nenda kwa fundi mwezi Machi au Aprili kama shughuli yako ni ya Julai. Mei wote tunakumbuka baridi siku moja, na foleni yake unaijua.

Khanga ya pili ya ile doti ya mama bado ninayo, sijaigusa. Binti yangu ana miaka 11 na ameshaniambia anataka koti jeupe juu ya gauni la kipaimara, lenye bitana ya bibi ndani. Nimeshaifua mara mbili na kuikausha kivulini. Bado anakua, kwa hiyo nimemwambia fundi asikate chochote mpaka mwezi wa mwisho kabla ya kipaimara, na tutaanza kupima mabega.