Mbolea ya ruzuku haianzii ghalani: mambo ya kuweka sawa Malindi kabla ya masika

Gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku ya serikali ya Kenya ni shilingi 2,500. Bei hiyo ilitangazwa Agosti 2023. Mpango ulipoanza Septemba 2022 gunia lilikuwa shilingi 3,500, wakati madukani lilikuwa limeshapita 6,000. Kwa anayelima ekari mbili au tatu za mahindi Kakuyuni, Jilore au Langobaya, hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo wengi huikosa kila mwaka, na mara nyingi si kwa sababu mbolea imekwisha. Mpango unamjua mkulima kwa vitu vitatu tu: namba ya kitambulisho, laini ya simu, na ekari zilizoandikwa siku ya kusajiliwa. Kimoja kikikosewa, unaweza kufika ghalani na pesa mkononi ukarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye usajili. Usajili ni bure. Hufanywa kupitia kwa chifu, naibu wa chifu na wazee wa mitaa, pamoja na vijana wa wodi wanaozunguka na simu wakijaza taarifa moja kwa moja kwenye daftari la kitaifa la wakulima, liitwalo KIAMIS. Anayekudai "pesa ya fomu" au "pesa ya kuingiza jina" anakudhulumu, na hakuna anayepaswa kukuuliza namba yako ya siri ya M-Pesa, awe amevaa kofia ya serikali au la.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Hapa ndipo akina mama wengi huumia. Kijijini mtu anajulikana kwa jina la mume au la mtoto wa kwanza, kijana anayesajili anaandika alichosikia, kisha jina halilingani na la kitambulisho. Usimtajie jina kwa mdomo. Mpe kitambulisho, asome mwenyewe, kisha mwombe akuonyeshe alichoandika kabla hajabonyeza kutuma. Namba ya kitambulisho irudieni pamoja, tarakimu moja moja. Ni dakika mbili tu, lakini kurekebisha baadaye kunaweza kula wiki kadhaa, na mvua haingoji.

Simu ni tatizo kubwa kuliko jina. Vocha ya mbolea, yaani kibali cha kununua kwa bei ya ruzuku, huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini iliyosajiliwa. Wazee wengi wanatumia laini iliyonunuliwa na mtoto kwa kitambulisho chake, au wameandikisha namba ya mtoto aliyeko Mombasa kwa kuwa wao hawasomi ujumbe. Vocha inaingia kwenye simu ya mtu aliye mbali, anadhani ni tangazo, anafuta. Andikisha laini iliyo kwa jina lako na inayokaa nyumbani kwako. Kama ni ya Safaricom, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ikiwa unayotumia haimo, nenda kwa wakala na kitambulisho ibadilishwe jina kabla hujaandikishwa kwa mbolea. Ukipoteza laini katikati ya msimu, rudisha namba ile ile. Usinunue mpya ukadhani mpango utakufuata.

Sasa ekari, kwa sababu idadi ya magunia unayoruhusiwa inatokana nazo. Watu wa huku wanakosea pande mbili. Wapo wanaotaja ekari nyingi kuliko walizo nazo wakitumaini kupata magunia ya kuuza. Mbolea ya ruzuku haikuwekwa kwa ajili ya kuuzwa tena, na ekari za uongo zinawanyima wengine mgao. Walio wengi zaidi hutaja chache kwa hofu. Wanaogopa kodi, au wanaogopa kwamba wakisema wanalima ekari tano, mwenye hati atatokea na kuwafukuza. Malindi hofu hiyo ina chanzo chake, maana familia nyingi zinalima ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu asiyeonekana. Lakini usajili wa mkulima unahusu kilimo. Unauliza unalima wapi, ekari ngapi na zao gani, uwe unalima ardhi yako, ya ukoo au ya kukodi. Haukupi hati, na wala haukunyang'anyi. Ukisema ekari moja na unalima tatu, utapata mbolea ya ekari moja na mbili zitabaki na njaa.

Kama hujui ukubwa wa shamba, lipime kwa miguu. Ekari moja ni hatua ndefu 70 kwa 70, kila hatua ikikaribia mita moja kasoro kidogo. Shamba lenye umbo la kombo ligawe vipande vya mraba na pembetatu, pima kila kipande kivyake, kisha jumlisha. Pembetatu ni nusu ya mraba wenye urefu na upana huo huo. Vichuguu, makaburi, nyumba na kivuli kizito cha miembe usivihesabu, maana hutapanda mahindi hapo.

Ukishasajiliwa, subiri ujumbe lakini usilale. Malindi mvua za masika huanza kati ya Machi na Aprili na kufikia kilele Mei. Mbolea ya kupandia inatakiwa iwe nyumbani kabla ya mvua ya kwanza ya maana, kwa sababu barabara ya kuingia Jilore au Langobaya ikishalowa, bodaboda aliyekuwa akikubebea gunia atapandisha bei au atakataa kabisa. Ikifika Februari na hujapata ujumbe wowote, nenda kwa naibu wa chifu au ofisi ya kilimo ya wodi uulize kama jina lako limo. Uliza hivi: "Naomba mniangalizie kwa namba ya kitambulisho." Ukiuliza "mbolea imefika?" utajibiwa ndiyo au hapana, na hutakuwa umejua lolote kuhusu jina lako.

Ujumbe ukifika, usome wote. Tazama aina ya mbolea, idadi ya magunia, kituo cha kuchukulia na muda wa mwisho kama umeandikwa. Vituo ni maghala ya NCPB, yaani Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, pamoja na vituo vingine vilivyoongezwa ili mkulima asitembee mbali. Piga simu kwanza uhakikishe aina unayoitaka ipo siku hiyo. Nenda na kitambulisho halisi, si nakala, na simu yenye ule ujumbe. Lipa kwa njia iliyobandikwa kituoni, na ujumbe wa malipo usiufute. Kabla gunia halijapakiwa kwenye tuktuk, tazama mshono kama ni wa kiwandani, soma viwango vya virutubisho na jina la mtengenezaji, libonyeze kusikia kama limeganda kama jiwe, na kama kuna mizani, lipimwe.

Usione haya kukagua. Mwaka 2024 mbolea isiyofikia kiwango iligunduliwa ndani ya mpango huu huu wa ruzuku, na serikali ikaahidi kuwafidia walioinunua. Katika jambo kama hilo, mwenye vocha, ujumbe wa malipo na gunia lenyewe ana pa kuanzia. Kwa hiyo gunia tupu lihifadhi mpaka uvune, na weka konzi mbili za mbolea kwenye chupa kavu yenye kifuniko, iliyoandikwa tarehe. Mahindi yakidumaa utakuwa na cha kupeleka kupimwa.

Sasa uchague ipi? Hapa mpango unakuachia nafasi kidogo ya kuchagua, na wengi wanachukua chochote kilichopo. Udongo mwingi wa Malindi na jirani, kuanzia ule mwekundu wa Magarini hadi mashamba ya Ganda na Msabaha, ni wa kichanga. Haushiki naitrojeni, mvua kubwa moja inaisukuma chini ya mizizi. Mbolea ya DAP imeandikwa 18-46-0, ambazo ni asilimia, maana yake gunia la kilo 50 lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Ni nzuri kwa kupandia, kwa mizizi, lakini haitabeba mahindi mpaka yazae. Anayechukua DAP pekee na kusahau mbolea ya kukuzia atapata mahindi yanayoanza vizuri, kisha majani ya chini yanakuwa manjano kutoka ncha kuelekea katikati kabla ya kubeba. Hiyo ni njaa ya naitrojeni.

Kwa kukuzia, gunia la mbolea ya CAN lina takriban kilo 13 za naitrojeni na la urea lina kilo 23. Kwa hiyo gunia moja la urea linakaribia kulingana na mawili ya CAN. Ila urea ikiachwa juu ya udongo mkavu kwenye jua letu na upepo, sehemu yake hupaa hewani. Ifukie, au iweke udongo ukiwa na unyevu na uifunike papo hapo. Usipoweza kufukia, chukua CAN. Na iwe CAN au urea, katika kichanga igawe mara mbili: nusu mahindi yakifika magotini, nusu wiki mbili au tatu baadaye. Ukiimwaga yote siku moja, mvua ya Mei itaibeba.

Kipimo cha kupandia ni rahisi. Ukipanda mistari ya sentimita 75, shimo kwa shimo sentimita 60, mbegu mbili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000. Gunia la kilo 50 linatoa gramu tano na kitu kwa kila shimo, yaani kizibo kimoja cha soda. Weka mbolea, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikigusa mbolea kwenye shimo lenye unyevu haba inaungua, na wewe utadhani duka limekuuzia mbegu mbovu. Na ukiwa na samadi, konzi moja kwa shimo katika kichanga ina faida ambayo mbolea ya gunia pekee haiwezi kutoa, kwa sababu inashika maji.

Kuhusu mbegu, neno moja tu. Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Ikwangue, tuma namba iliyofichwa kwenda 1393, na jibu litakuja ukiwa bado mbele ya kaunta. Fanya hivyo kabla hujalipa, hata kama pakiti imeandikwa PH4, mbegu ya mahindi ya Pwani, na mwenye duka ni jirani yako.

Mkopo wa kikundi, na jina lililokosekana

Baadhi ya misaada haiji kwa mkulima mmoja mmoja, inapitia vikundi. Kikundi cha kijamii kinasajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2022, na lazima kiwe na watu wasiopungua 10. Andaeni kumbukumbu za kikao kilichoamua kusajili, orodha ya wanachama na namba za vitambulisho, katiba ya kikundi, kisha mpeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kikundi kilichoundwa juma moja kabla ya pesa kutangazwa hakifai. Mfuko wa Uwezo, wa serikali wa kukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa kanuni zake za 2014 unataka kikundi kilichosajiliwa kwa angalau miezi sita, chenye akaunti ya benki na michango inayoonekana. Mkopo ni kati ya shilingi 50,000 na 500,000, hauna riba ila ada ya asilimia tatu, na miezi sita ya kwanza hamrejeshi. Kwa pojo, mboga au kuku wa nyama miezi sita inatosha kuona pesa. Kwa kupanda minazi haitoshi kamwe: mnazi mrefu wa Pwani unaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na deni litakuwa limeshawagombanisha zamani. Kataeni wazo hilo hata likiletwa na mwenyekiti.

Ukikosa jina baada ya kufuata yote haya, usiishie kulalamika barazani. Andika barua kwa ofisi iliyokusajili, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Taja namba ya kitambulisho, namba ya simu, tarehe na mahali uliposajiliwa, na uulize mambo mawili: je, jina langu limo katika daftari la wakulima, na kama halimo au limekataliwa, sababu ni nini? Taja Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Toa nakala, peleka zote mbili, moja ibaki kwao na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikataa kugonga muhuri, mwombe aandike jina lake na tarehe. Siku 21 zikipita kimya, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoambatisha unapopeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na huduma hiyo hailipiwi.