Sarafu za dhahabu za California: mimi nilipigwa na dubu

Niseme tu ukweli, sarafu yangu ya kwanza ya enzi zile za kukimbilia dhahabu California ilikuwa feki. Nipo Sacramento miaka kadhaa sasa, Jumapili moja nikapita gulio la vitu vya zamani nikaona kisarafu kidogo kama kifungo cha shati, kimeandikwa 1852, upande mmoja kichwa cha mtu upande wa pili dubu, mzee muuzaji ananiapia kabisa kwamba hii ni dhahabu ya wachimbaji, nikatoa dola 80. Yaani mtoto wa Kariakoo mimi, hata kuomba nipunguziwe sikuomba!

Iko hivi. James Marshall aliokota dhahabu pale Coloma Januari 1848, watu wakamiminika toka kila kona, ila chenji hakuna, mtu analipia chakula kwa vumbi la dhahabu. Kuanzia 1852 masonara wa San Francisco wakawa wanagonga visarafu vyao vya senti 25, senti 50 na dola moja. Vile halisi vimeandikwa thamani, utaona dollar au dol. au cents. Hivi vya dubu vimetengenezwa baadaye sana vya ukumbusho, vingi wala si dhahabu, changu kina "1/2" tupu, nusu ya nini sasa?? Ningejua hilo moja tu hela yangu ingebaki mfukoni.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi nitakwambia achana na visarafu vya masonara kwanza, na lile pande la dola 50 la 1851 la Augustus Humbert, mpimaji dhahabu wa serikali ya Marekani, lenye pembe nane liangalie makumbusho tu labda kama una kiwanja cha kuuza. Anza na dola moja ya dhahabu ya serikali, mfano ya 1853, zilitoka nyingi sana maana dhahabu ya California ilikuwa inasafirishwa mpaka Philadelphia kugongwa huko. Raha yake ni kwamba vipimo vinajulikana, gramu 1.67, upana milimita 13. Nunua mizani ndogo kama ya sonara inayosoma mpaka gramu 0.01 kabla hujanunua sarafu yoyote, na lenzi, halafu kagua ukingo taratibu kwasababu nyingi zilichomelewa zikawa hereni na vipini, ukiona alama ya kuchomelewa bei lazima ishuke.

Mizani peke yake haitoshi lakini, kuna feki za dhahabu kabisa. Mwanzoni chukua zilizopimwa na PCGS au NGC, kampuni za kuhakiki sarafu, zinakaa kwenye kasha la plastiki lenye namba, iingize kwenye tovuti yao ulinganishe, picha ikiwepo linganisha mpaka mikwaruzo, kasha nalo linafojiwa siku hizi.

Na usisafishe! Mimi nilisugua dola yangu ya dhahabu kwa dawa ya meno ing'ae kidogo, kuipeleka dukani jamaa akaitazama sekunde mbili akasema "hii imeoshwa", akakata bei karibu nusu, nikarudi nayo nyumbani.

Dubu bado ninaye. Kete moja ya drafti ilipotea, watoto wanamtumia yeye.