Helmeti ya kufunua mbele kwa anayevaa miwani

Kaka, nimekuelewa: unavaa miwani, unaendesha bodaboda kutwa Dar, na abiria akikuuliza bei inabidi uvue helmeti nzima. Ya kufunua mbele, yaani ile ambayo sehemu ya kidevu inapanda juu pamoja na kioo, itakufaa kweli, maana miwani huitoi.

Kabla ya kulipa, soma lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevu. Tafuta E ndani ya duara (alama kwamba helmeti imepimwa usalama), namba inayoanza na 06, kisha P/J: imepimwa ikiwa imefungwa na ikiwa wazi. Ikiwa na P peke yake, yaani imepimwa ikiwa imefungwa tu, ifunue ukiwa umesimama tu. Wengi wanakimbia Barabara ya Morogoro wameipandisha juu. Wakianguka, kidevu hakina kinga kabisa. Inaniuma kuwaona.

Ivae dukani pamoja na miwani, robo saa hivi. Ikikubana paji la uso, iache. Ni nzito kuliko ya kawaida, kwa hiyo shingo itachoka mwanzoni.

Kila ukiishusha sehemu ya kidevu, hakikisha imeshika pande zote mbili. Kioo kioshe kwa maji na sabuni laini, petroli hapana. Ikipigwa kwenye ajali, nunua nyingine, na wewe ukiumwa kichwa au kutapika, nenda hospitali siku hiyohiyo.