Jiwe jekundu sio lazima liwe rubi: kwenu mnaoanza usonara

Wadogo zangu, mimi natengeneza pete za fedha hapa Ujiji, na hili naliongea kwa uchungu kabisa maana jiwe la kwanza kununua kwa hela yangu nilipigwa. Jamaa alikuja na jiwe jekundu limeiva, linapitisha mwanga kama juisi ya rozela, akasema rubi ya Longido, nikatoa laki tatu na nusu. Mzee aliyenifundisha kazi akaligeuza mara mbili tu, akasema mwanangu hii ganeti, jiwe jingine jekundu, sio rubi. Na ningejua ningeshtuka mapema, rubi ya Longido nyingi inakaa ndani ya mwamba wa kijani na haipitishi mwanga.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia fanya hivi. Weka jiwe juu ya kipande cha povu la plastiki, lieleeshe kwenye bakuli la maji, alafu sogeza sumaku kali ya neodimiamu. Ganeti nyekundu ina chuma ndani yake, itaifuata sumaku taratibu, rubi haifuati. Ukiwa na tochi ya kukagulia noti mulika gizani, rubi nyingi zinawaka nyekundu kama kaa la moto kwa sababu ya kromiamu, ganeti inabaki kimya. Ila spino, jiwe jingine tena linalofanana na rubi, nayo inawaka, zile za Mahenge kule Morogoro hasa, so usikurupuke! Spino imewadanganya hadi wafalme, lile jiwe kubwa jekundu kwenye taji la Uingereza wanaloliita rubi ni spino.

Ganeti yenyewe msiidharau jamani. Jina lake la Kizungu limetokana na komamanga, na ukiona punje zake utakubali. Ni ukoo mzima, kuna almandini, pairopi, kuna rodolaiti yenye uzambarau inayotoka Umba kule Tanga, mimi ndo naipenda kuliko zote, na hata tsavoraiti ya kijani iliyogunduliwa hapa kwetu 1967 ni ndugu yao. Wazungu wa zamani walimpa msafiri ganeti ili arudi salama.

Wateja wa huku wengi wataulizia akiki, wazee wanaivaa kwa imani, hiyo ni jamii nyingine kabisa na inapitisha mwanga kwa ukungu ukungu. Wengine watataka yakuti, yaani rubi, kwa sababu imetajwa kwenye Suratur-Rahman pamoja na marijani. Wekundu huku una heshima toka enzi za misafara, shanga nyekundu za samesame zilikuwa zinanunua vitu njiani. Mtu anakuja na maana yake moyoni, mwambie ukweli wa jiwe na uandike jina lake halisi kwenye risiti.

Alafu lehemu kwanza, jiwe upachike mwisho, ganeti ikipata moto wa ghafla inapasuka. Na rubi iliyojazwa kioo, yaani nyufa zake zimezibwa kwa kioo, usiiguse na asidi, hata ndimu inakula kile kioo.