Jibu: Sari ninayo, mbona sifanani na Saroja Devi?

Dada, kosa haliko kwenye sari, liko kichwani! Waigizaji wa kike wa filamu za Kitamil, kusini mwa India, wa miaka ya 1960, hasa huyo Saroja Devi unayemtaja, walitunisha nywele juu ya utosi, wakazifunga nyuma na kuchomeka shada la asumini. Tafuta asumini mbichi, tafadhali. Ya plastiki hujisema yenyewe hata pichani. Wanja uvute upite kona ya jicho, na bindi, kile kidoti cha mapambo, ikae katikati ya paji.

Blauzi mwambie fundi aibane mwili. Sari ya hariri ya Kanchipuram, mji wa huko huko kusini mwa India, ni nzito, na pindo lake hufumwa kwa rangi nyingine likaunganishwa na kitambaa palepale mtamboni, kwa hiyo marinda hukaa vizuri. Kama yako ni nyepesi, yapige pini. Hereni ziwe za umbo la kengele.

Ukichoka na sari, tazama picha za Jayalalithaa, mwigizaji aliyekuja kuwa waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali, wa jimbo la Tamil Nadu. Alianza filamu za Kitamil mwaka 1965, na sketi alivaa bila wasiwasi.